Kambale Aliyenuka Dizeli

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza wekeni simu chini. Sisemi mzizime, najua hamwezi. Zilazeni kifudifudi tu mpaka nimalize.

Naanza na simu kwa sababu mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenifanya niandike. Alikuja likizo, akakaa jikoni kwangu na kunionyesha picha. Meli imepasuka huko baharini, mafuta yamefika ufukweni, mchanga umekuwa mweusi kama chungu cha uji ulioungua. Ndege wamelowa, hawaruki. Wanawake wamesimama na ndoo tupu kama watu waliofika msibani wakakuta mazishi yameshaisha.

"Ona Bibi watu wa baharini walivyofanyiwa," akaniambia. "Watakula nini sasa?"

Nikamuuliza, "Hao wanawake wanamtazama nani?"

"Wanatazama maji, Bibi."

"Basi wamekosea," nikasema. "Ukimwagiwa mafuta hutazami maji. Unamtafuta aliyemwaga, ukimpata unamtazama yeye mpaka achoke kutazamwa."

Akacheka. Akadhani Bibi anatania. Hakuwa amezaliwa yaliponifika, na baba yake, ambaye ni kitinda mimba wangu, si mtu wa kusimulia. Huyo akisema maneno mawili asubuhi, amemaliza ya siku nzima. Kwa hiyo nasimulia mimi.

Sisi bahari hatuna. Tuna mto na mbuga, na mbuga ikijaa maji wakati wa masika, mgeni akitazama anaweza kudhani ameiona bahari. Maji yakirudi mtoni yanaacha mabwawa. Kijiji chetu kipo kabla ya kufika Mbingu ukitokea Ifakara, na bwawa letu lipo chini ya kijiji, linalishwa na kijito kinachotoka upande wa barabarani. Mume wangu alitega migono pale maisha yake yote. Mgono ni tego la fito, mdomo mpana, shingo nyembamba. Samaki anaingia kwa furaha, kutoka hajui. Mume wangu alipofariki, kitinda mimba akarithi migono na bwawa. Mkewe, mkwe wangu, akawa anakausha samaki kwenye chanja juu ya moto na kuwapeleka sokoni Kibaoni, ambako watu walikuwa wanamjua kwa sauti hata kabla hajatua ndoo. Mpunga ulitupa wali, bwawa likatupa kila kitu kingine. Sare za shule zilitoka bwawani. Bati la nyumba hii lilitoka bwawani.

Sasa, juu ya kijito, karibu na barabara, alikuwapo mwenye matrekta. Sitamtaja. Wote walimwita Bosi. Mimi sikumwita Bosi hata siku moja, kwa sababu nilimjua akiwa hana kaptula. Mama yake na mimi tuliolewa mwaka mmoja, tukashuka pamoja kutoka upande wa Mahenge, tukalima jirani. Mama yule alipolazwa muda mrefu Ifakara, huyu mtoto alikula kwangu. Alikaa mkekani na wanangu, akanyoosha mkono kwenye sinia lile lile. Alikuwa anapenda mkia wa samaki na alikuwa anaunyakua kabla wenzake hawajanawa. Nilimchapa kwa hilo. Ningemchapa zaidi kama ningejua.

Alipokua akapata fedha, namna alivyozipata anajua yeye. Akaleta matrekta ya kukodisha, halafu mashine ya kuvuna, halafu tangi kubwa la chuma la kuwekea dizeli. Tangi akalisimamisha juu ya matofali, ukingoni kabisa mwa kijito, kwa sababu hapo matrekta yaliweza kujaza mafuta na kuoshwa mahali pamoja. Yalioshwa kila jioni. Maji ya kijito yakawa yananuka dizeli wakati wote wa kulima. Tulisema tukachoka, na ukishachoka kusema unazoea. Kumbukeni neno hilo, kuzoea. Ndilo lililotuponza.

Mwaka huo mvua za kwanza zilikuja kwa hasira. Zilipokatika, asubuhi, mtu akapiga yowe kutoka bwawani. Tukakimbia wote. Samaki walikuwa juu ya maji! Perege wamelala ubavu, kitoga wanazunguka kama walevi wa pombe ya kienyeji, kambale wakubwa kama mkono wangu wamepandisha midomo wanatafuta hewa.

"Utupa!" akapaza sauti mama mmoja. "Kuna mtu katia utupa!"

Ninyi mliosomea mjini huenda hamjui utupa. Ni mmea. Zamani wazee wetu waliponda majani yake, wakayatia kwenye maji yaliyotuama, samaki wakalewa, wakaokotwa kwa mkono. Siku hizi ni kosa, sheria imekataza. Lakini samaki wa utupa analiwa na hamdhuru mtu. Kila mtu wa bonde hili aliyefikia umri wangu amemla, na kila mtu analijua hilo.

Basi na sisi tukala kwa macho. Harufu ya dizeli ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwepo jana na juzi. Nani angeishangaa? Watu wakaingia majini na ndoo, madeli, mabeseni, khanga. Wakacheka, wakasukumana, wakaimba "utupa, utupa," wakimsifu mtiaji wasiyemjua. Na mimi niliokota. Sina aibu nalo. Samaki anapoelea mbele ya mtu mwenye wajukuu, anaokotwa.

Mwanangu peke yake hakuokota. Alisimama kando ya migono yake, anatazama maji. Nikamwambia, "Unangoja waingie mfukoni?"

Akasema, "Mama, na vyura wamekufa."

Hayo ndiyo maneno yake ya siku ile. Nilimsikia lakini sikumsikiliza, ndoo ilikuwa imejaa.

Tukawasha moto, tukapanga samaki kwenye chanja. Mafuta yalipoanza kudondoka, moto ukaruka juu ukitoa moshi mweusi wenye masizi. Mkwe wangu akarudi nyuma akishika nyusi zake.

"Mama, hawa samaki wana hasira na nani?"

"Geuza, wasiungue."

Akageuza. Walipoiva akamega kipande, akatia mdomoni, akatafuna mara moja na kusimama. Aliendea ukuta wa nyuma ya nyumba, akatapika mpaka akashika magoti. Aliporudi, macho mekundu, akaniambia, "Mama, nimekunywa trekta."

Kijiji kizima jioni ile kilikuwa kinatapika au kinatupa. Mbwa walinusa wakaondoka. Waliotupa walitupa shimoni, waliofukia walifukia. Mimi sikutupa. Mkwe wangu akaninong'oneza kwamba nyumba itanuka. Nikamwambia mimi situpi kitu kilichoharibiwa kabla sijamjua aliyekiharibu. Nikawaacha juu ya moshi wakauke vizuri, nikawafunga kwenye gunia, nikawatundika darini juu ya mafiga.

Kulipokucha nikachukua fimbo yangu, nikapanda na kijito hadi kwenye tangi. Tangi lilikuwa limesimama wima kama kawaida. Lakini matofali yalikuwa mapya. Ukingo ulikuwa umemegwa na maji na kujazwa udongo mwingine, mwekundu, wa kuletwa, umeshindiliwa kwa magurudumu. Na kutoka pale hadi kwenye kijito majani yalikuwa yamekauka, njia moja, upana wa mlango. Nikaelewa. Mvua ilikula ukingo, tangi likaangukia mgongo, dizeli ikamwagika. Wakaliinua kwa trekta kabla sisi hatujafungua milango.

Akatoka kwenye kibanda chake. Miwani myeusi, viatu vyeupe kwenye matope.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Majani haya yamekuwaje?"

Akayatazama kama ndiyo kwanza anayaona. "Jua, mama mdogo."

"Jua," nikasema. "Limeshuka kwenye tangi lako, likatembea mpaka majini, kwingine halikuona haja."

"Mama mdogo unapenda utani."

"Nimewahi kukutania lini?"

Nikamwambia aende kwa mwenyekiti wa kijiji aseme mwenyewe, aseme tangi lilianguka, aombe watu radhi, aliondoe ukingoni na kuzoa matope kabla ya masika kujaa, kwa sababu maji yakipanda yatabeba dizeli mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya kila mtu. Akaitika, "Sawa, mama mdogo, nimekusikia." Akanisindikiza hadi barabarani, akaniitia bodaboda, nikaikataa. Nilirudi kwa miguu nikiamini nimezungumza na mtoto wa rafiki yangu.

Alikwenda kwa mwenyekiti kweli. Lakini alikwenda kumshtaki mwanangu.

Alisema kuna mtu katia utupa bwawani na kuua samaki wote, na shahidi ni kijiji chote kilichoimba "utupa" asubuhi ile. Akauliza, nani mwenye migono pale? Nani anayejua maji yale kuliko wote? Na nani, huku wenzake wakiokota, alisimama kando kama mtu aliyejua kinachowaua? Neno la mwanangu kuhusu vyura likageuzwa likawa kamba ya kumfungia.

Mgambo wakaja mchana. Wakachukua migono yote, wakaibeba kichwani na kuirundika nyuma ya ofisi ya kijiji, mingine ikavunjika shingo. Mwanangu akaambiwa asikanyage majini mpaka kikao kikae na bwana samaki, yaani afisa uvuvi wa wilaya, awepo. Akikutwa na kosa atapelekwa Ifakara mahakamani, na bwawa hatalirudia tena.

Mwanangu alikaa kizingitini, mikono mitupu juu ya magoti. Mtu ambaye tangu utoto sijamwona bila ufito mkononi, anasuka au anakarabati. Mikono ile haikujua ikae wapi. Vijana wenzake wakipita walikuwa wanamtania, "Fundi, tugawie majani!" na watu ambao juzi waliimba kwa furaha sasa walikuwa wanasema ndiye aliyewatapisha. Waliimba wenyewe. Waliokota wenyewe. Nimewasamehe? Nitawajibu mkinikuta njiani.

Mkwe wangu ndiye aliyelia. Mimi nilikwenda jikoni, nikatazama juu ya mafiga lile gunia, nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeshika kitu.

Siku ya kikao niliamka mapema nikamwambia mkwe wangu achague kambale wanono kuliko wote, wale wenye mafuta. Tukawaloweka, tukawakaanga kwanza, nikaunga kwa vitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu, na tui zito la nazi. Nikapika na wali wa mpunga wetu, ule unaonukia hadi kwa jirani.

Mkwe wangu akawa anaguna. "Mama, nazi yote hiyo kwa adui?"

"Adui ndiye wa kutiliwa nazi. Ndugu anakula chukuchuku."

"Na asipokula?"

"Atakuwa amejibu."

"Na akila?"

"Atakuwa amejibu vizuri zaidi. Funika sufuria, harufu isitoke."

Akanitazama, akaanza kucheka taratibu, halafu akafunika sufuria kwa mfuniko na juu yake kitambaa kilicholowa.

Kikao kilikuwa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti mezani, mtendaji pembeni yake, bwana samaki kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, na yeye mwenye matrekta kwenye kiti cha mbele, kile chenye mto. Mwanangu aliwekwa kwenye benchi peke yake. Watu walijaa mpaka uani.

Mwenye matrekta alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema anasikitika kumshtaki mtu aliyekula naye sinia moja, lakini samaki ni mali ya taifa. Akasema utupa ni ukatili. Kuna waliotikisa vichwa. Bwana samaki akauliza, "Una uhakika ni utupa?" Akajibu, "Asilimia mia, mheshimiwa. Marehemu baba yangu aliutumia enzi zile, najua samaki anavyolewa."

Nilikuwa nangoja neno hilo. Nikasimama. Nikapita katikati ya watu, sufuria kichwani, mkwe wangu nyuma na wali, birika na beseni.

Mwenyekiti akasema, "Mama, subiri, hiki ni kikao."

"Kikao cha nini, mwenyekiti?"

"Cha samaki, mama."

"Basi mnamjadili hayupo. Nimemleta."

Watu wakaguna. Nikatua sufuria mbele ya kiti chenye mto. Nikapakua wali kwenye bakuli langu la bati lenye maua mekundu, lile lile alilokuwa akilinyang'anyana na wanangu. Nikamwekea kambale juu, upande wa mkia. Nikamnyooshea birika.

"Nawa, mwanangu."

"Mama mdogo, nimeshiba."

"Sijakuuliza shibe. Nikuulize swali moja?"

"Uliza."

"Samaki wa bwawani waliuawa na nini?"

Akamtazama bwana samaki. "Utupa."

"Huyu ni wa asubuhi ile ile. Nilimwokota kwa mkono wangu, na gunia langu liko wazi kwa anayetaka kukagua. Sasa, wewe ni mtoto wa mtu wa utupa. Baba yako aliwaletea samaki wa utupa mkala. Uliumwa?"

"Hapana."

"Samaki wa utupa analiwa, haliwi?"

Mzee mmoja pembeni akadakia, "Analiwa bwana! Nani hapa hajamla?" Watu wakasema ndiyo, analiwa, analiwa.

"Basi kula," nikasema. "Chakula cha mama yako mdogo. Mkia, unaoupenda."

Kwetu mtu hakatai bakuli la aliyemlea, tena mbele ya watu. Angelikataa, wangemwona hana malezi. Na angekuwa ameungama. Nilimwona anapima. Jasho likatoka chini ya miwani. Halafu akafanya kosa la watu wenye kiburi, akadhani anaweza kumeza. Akanawa. Akamega mkia, akachanganya na wali mwingi, tonge kubwa, akatia.

Nazi ilimdanganya kidogo. Akatafuna mara ya kwanza, akataka hata kutabasamu. Kisha mafuta ya kambale yakafunguka mdomoni. Mashavu yakasimama. Macho yakatoka maji. Akajaribu kumeza, koo likakataa, akajaribu tena. Mimi nilisimama palepale na birika mkononi, namtazama.

"Meza, mwanangu. Usiache wali, ni dhambi."

Akaruka kutoka kwenye kiti, akavuka benchi, akafika ukingoni mwa baraza, akatema lote na lililokuwa nyuma yake. Juu ya viatu vyake vyeupe.

Sauti ya kijana ikatoka uani, "Bosi! Utupa wa siku hizi mnanunua sheli?"

Pale baraza ilipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkwe wangu akapata nafasi yake, "Mmiminieni maji! La, msimmiminie, atawaka moto!" Hata mtendaji aliinama akijifanya anatafuta kalamu.

Bwana samaki hakucheka. Aliinua bakuli, akalinusa, akamega kidogo na kutema kwenye kitambaa chake. Akamuuliza mwanangu, taratibu, "Wewe asubuhi ile uliona nini?"

Mwanangu akasema, "Vyura walikufa. Utupa tunaoujua hauachi rangi juu ya maji. Yale yalikuwa na rangi rangi." Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa mbele za watu. Akaongeza, "Niliogopa kusema, kwa kuwa wote mlikuwa mnafurahi."

Kikao kizima kikapanda hadi kwenye tangi. Walichimba kidogo tu ule udongo mwekundu, chini yake ukatoka mweusi, umelowa, unanuka. Mwenye matrekta hakujitokeza. Alitangulia akajifungia kwenye kibanda chake, dereva wake ndiye aliyejibu, na dereva akisharudishiwa maswali mara mbili husema yote.

Migono ikarudishwa siku ile ile. Waliobeba ni mgambo wale wale. Niliwafanya waibebe kichwani tena, na niliwataka wapite katikati ya kijiji, si njia ya nyuma. Ile iliyovunjika shingo nikawaambia wakae chini wasuke. Hawajui kusuka. Nikawaambia wakae chini wajifunze. Mwanangu aliwaonea huruma akawafukuza kwa upole, maana yeye amemfuata baba yake. Mimi nimejifuata mwenyewe.

Mwenye matrekta akaamriwa kuhamisha tangi na kuzoa matope. Akaleta vibarua. Nikaenda na kigoda changu, nikakaa ukingoni, nikasema vibarua sio waliomwaga. Mwenyekiti akasema, "Mama, sheria haisemi azoe kwa mkono wake." Nikasema sheria isiseme, mimi nitakaa hapa hadi aone haya. Watu wakaanza kuja kukaa na mimi. Wanawake walileta mchele wao wa kuchambua, wengine wakaleta watoto. Hatukusema kitu kibaya. Tulimtazama tu. Mwishowe akavaa buti, akashuka na koleo. Alichota mpaka mgongo ukamuuma, akawa anasimama anajishika kiuno, na kila akisimama nilikuwa naita, "Mwanangu, umechoka? Nikuletee chakula?"

Msiniambie ilikuwa tamu kupita kiasi. Ilikuwa tamu kiasi.

Lakini vijana, kuzoa matope hakuzoi yaliyopita. Masika ilikuja ikaosha, na nyingine ikaosha. Perege walirudi kidogo kidogo. Kambale, ambaye anaishi ndani ya tope, alichukua miaka, na mpaka leo ukipata mmoja mzee, mafuta yake yana kitu. Kibaoni wanunuzi waliojua sauti ya mkwe wangu walianza kumuuliza, "Ni wa lile bwawa?" wanainua samaki hadi puani kama wanamnusa mtoto aliyekojoa. Alikunja khanga, akarudi na ndoo imejaa. Mwanamke aliyekuwa anataniana na soko zima akawa anauza vitumbua mlangoni kwake, ameinamisha kichwa. Hiyo sikuweza kumpikia mtu ikarudi. Hiyo bado namdai yule mwenye matrekta, na hailipwi.

Alikuja kuomba radhi. Ilimchukua muda, lakini alikuja, mchana, na katekista kando yake na mbuzi nyuma. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alikaa chini, sio kwenye kiti. Aliniambia, "Mama mdogo, nilikosa. Naomba uniachilie."

"Ulikosa nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ni mvua," nikasema. "Mvua ilikula ukingo. Mtu anaweza kuangukiwa na tangi. Nakuuliza ulikosa nini?"

Akatazama chini. Hakulisema. Katekista akaingilia, akanikumbusha sala ya Baba Yetu. Nikamwambia Baba Yetu naisali kila siku asubuhi na jioni, ila nikifika pale pa kusamehe napunguza sauti, na Mungu ananijua, hajanipigia kelele bado. Nikamwambia yule, "Siku utakaposimama kwenye baraza ile ile, useme ulimtia mwanangu utupa mikononi ili tangi lako lisionekane, uje na mbuzi wako. Leo rudi naye, ana njaa."

Akaondoka. Mwanangu aliyekuwa anasuka mgono uani akaniambia, "Mama, mimi nilishamwachilia." Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeumizwa, una haki ya kuwa mjinga. Mimi ndiye mama."

Hajasimama barazani hadi leo. Anazeeka, nami nazeeka, tunaangaliana nani atatangulia. Ananisalimu barabarani, naitikia, maana marahaba hainigharimu. Na juu ya mafiga yangu, kwenye gunia lile lile lililogeuka rangi ya masizi, yupo bado kambale mmoja, mkavu kama kuni. Mjukuu wangu, siku ile ya picha za baharini, alinyanyua pua akauliza, "Bibi, mbona jikoni kwako pananuka kama gereji?" Nikamshusha yule kambale, nikamwonyesha, nikamsimulia yote haya. Kisha nikawaita baba yake, mama yake na wote waliokuwa uani, nikawakalisha, nikawaambia hivi:

"Samaki huyu asitupwe. Siku nikifa yule atakuja, namjua, atakuja na turubai na magunia ya mchele ili aonekane. Msimfukuze. Mkaribisheni, mpeni maji anawe, mumpikie huyu kwa tui zito la nazi, mumwekee yeye wa kwanza, kwenye bakuli la maua. Akilimaliza, mpeni koleo anizike na wenzake. Asipolimaliza, akae barabarani mpaka mtakapomaliza ninyi kunizika."